Mama hataki mashine, kaka anataka: asikilizwe nani?

SWALI: Mama yetu ana miaka 71 na figo zake zinaelekea kushindwa kabisa. Kaka mkubwa anataka ahamie kwake Dar asafishwe damu kwa mashine. Mama hataki, anasema atafia Ujiji kwake. Kaka anatuambia tukimsikiliza mama tutakuwa tumemuua. Tuandike nini, tukipeleke wapi?
Binti wa pili, Ujiji

JIBU: Maadamu mama ana akili timamu, mwenye kauli ni yeye. Hakikisheni tu anajua anachokikataa. Kusafisha damu kwa kawaida ni mara 3 kwa wiki, kama saa 4 kila mara, na figo zikishakufa kazi hiyo haina mwisho. Kwa hiyo anachoulizwa si safari ya Dar, ni kuishi karibu na mashine siku zote. Mwombeni daktari amweleze yeye mwenyewe, kwa Kiha kama ndicho anachokielewa vizuri, na amtajie pia njia ambayo familia nyingi huisahau: kujaribu kwa wiki chache kisha kuamua kuendelea au kuacha.

Na akikataa mashine hajakataa matibabu. Maji yakijaa mapafuni akahema kwa shida, kuna dawa za kuyapunguza. Kichefuchefu, kuwashwa mwili, maumivu, vyote vina dawa. Hiyo ndiyo tiba shufaa. Iulizieni hospitali ya mkoa, Maweni, mapema kabla hajazidiwa.

Sasa karatasi. Jina kamili, tarehe, ugonjwa, halafu kauli moja moja. "Nisiteswe" haimsaidii daktari wa zamu saa nane usiku. Mama ajibu: nisafishwe damu au la? Nikishindwa kumeza, niwekewe mpira wa kulishia puani? Nipewe rufaa nje ya mkoa? Moyo ukisimama, nikandamizwe kifua? Hapa mwelezeni ukweli: kifua cha mtu mzima hukandamizwa hadi kishuke sentimita 5 au zaidi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na mbavu za mzee huvunjika kirahisi. Kwa mgonjwa ambaye mwili umeshachoka kwa maradhi ya muda mrefu, mara nyingi moyo haurudi.

Amtaje msemaji mmoja na wa akiba mmoja, wenye namba za simu zinazopatikana. Aweke sahihi au dole gumba. Mashahidi wawili wanatosha, na tunashauri mmoja asiwe mtoto wake. Nakala moja iingie kwenye faili la hospitali, moja kwa msemaji, moja ibaki nyumbani, na picha yake iwe kwenye simu za wote. Tunasisitiza kwa sababu karatasi nyingi hufia sandukuni, ufunguo umefungwa kwenye pindo la khanga ya mama mwenyewe, naye hawezi tena kusema.

Kaka msimfiche. Mpigieni simu mama akiwepo, sauti iwe wazi, amuulize mwenyewe. Ndugu aliyeachwa nje ndiye hufika siku ya mwisho na gari la wagonjwa. Hilo la "kumuua" lina jibu lake. Kumharakishia mtu kifo kwa makusudi ni kosa la jinai, na karatasi haiwezi kuliruhusu. Kuacha tiba ambayo mzigo wake umezidi faida ni jambo jingine. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inalitenganisha waziwazi katika namba 2278. Kama ninyi ni Waislamu, mwiteni shekhe mnayemwamini azungumze na daktari akiwepo.

Mama akibadili mawazo, hata kwa mdomo tu, kauli ya mwisho ndiyo ifuatwe na nakala zote za zamani zichanwe.

SWALI: Baba ana saratani ya koo la chakula, amepewa mofini ya maji ya kutuliza maumivu. Jirani anasema hiyo ni dawa ya kumalizia watu, kwa hiyo tunampa nusu, tena akilia tu. Tunakosea?
Kijana, Tabora mjini

JIBU: Ndiyo. Dozi iliyopimwa na daktari haimalizi mtu. Nguvu yake hudumu kama saa 4, ndiyo maana hutolewa kwa saa zilizopangwa. Mkisubiri mpaka alie, maumivu yameshapanda na nusu dozi haiyashushi. Pimeni kwa bomba la sindano lisilo na ncha, si kijiko cha chai. Dawa ya kulainisha choo ianze siku ileile, kwani mofini hufunga choo kwa karibu kila mtu. Usingizi na kichefuchefu hupungua baada ya siku chache. Akiwa haamshiki, au pumzi zimekuwa chache mno, msimwongezee; mpelekeni hospitali haraka. Na chupa isiwaishie Ijumaa jioni.

Wa Ujiji hapo juu, msiazime chupa ya namna hii. Figo zikishindwa, mofini hujikusanya mwilini, na dozi yake hupangwa tofauti.

SWALI: Nimeandika kwenye wosia wangu, uliohifadhiwa RITA, wakala wa serikali unaotunza wosia, kwamba nisiwekewe mashine ya kupumulia. Inatosha?
Mstaafu, Urambo

JIBU: Haitoshi, mzee wetu. Wosia husomwa mtu akishazikwa. Humo yaache ya mali. Ya matibabu yahamishie kwenye karatasi ya pekee kama tulivyoeleza, na daktari wako aione.