Sange wa Rondo si panya

Kuna picha ya sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, na wengine mnamwita panya au kirukanjia. Si panya huyo, na pua isiwafanye mumwite ndugu wa kirukanjia. Sange huyo aliyepigwa picha msitu wa Rondo, kusini mwa Tanzania, ana ukoo mmoja na tembo, pimbi, muhanga na nguva. Kwa macho huwezi kujua, vinasaba ndivyo vilivyosema: jeni zao zilipolinganishwa herufi kwa herufi wakaangukia fungu moja, na mwaka 1998 fungu hilo likaitwa Afrotheria. Mimi ushahidi unaonikaa zaidi ni vile vipande vya DNA vinavyojinakili na kujipachika sehemu nyingine. Aina moja, AfroSINE, wanayo wa fungu hili tu, panya na kirukanjia hawana. Pua ndefu inaweza kujitokeza kwa koo mbili zisizohusiana, zote zikifukua wadudu chini ya majani makavu, ila vipande vile hurithiwa kutoka kwa babu mmoja. Lakini msimwite mdogo wake tembo, muhanga yuko karibu na sange kuliko tembo. Na kati ya tembo, pimbi na nguva, nani amkaribie nani bado wataalamu wanabishana, maana walitengana harakaharaka.