Ukiambiwa "Ni Mpaka Makambako Tu"

Vijana wanaoanza kuendesha semi, yaani malori ya tela, njia ya Tunduma kwenye mpaka wa Zambia huniuliza kuhusu mteremko wa Kitonga, mizani, na namna ya kuishi na tajiri, yaani mwenye gari, akiwa mkorofi. Hayo mtayazoea. Kuhusu Wahabeshi, yaani wahamiaji wa Ethiopia wanaosafirishwa kwa magendo, hakuna anayeuliza, na hilo ndilo linaloweza kukunyang'anya leseni, gari na ujana wako kwa usiku mmoja. Mimi nimeacha usukani kwa sababu ya macho, lakini njia ile naijua, na nimeombwa kubeba "mzigo" huo zaidi ya mara moja.

Kwanza elewa unaombwa uwe nani katika shughuli yenyewe. Wengi wanaopita kwetu ni vijana wa kiume wa kusini mwa Ethiopia, maeneo ya Hosaena, na wanakokwenda ni Afrika Kusini. Ni zaidi ya kilomita 5,000. Hakuna mtu mmoja anayemchukua kijana kule akamfikisha Johannesburg. Mmoja anamvusha Moyale, mpakani mwa Ethiopia na Kenya, mwingine anampokea Nairobi, wa tatu anamsogeza mpakani upande wa Kilimanjaro au Tanga, na wapo wanaoletwa kwa boti hadi pwani. Huku kwetu kuna wa bodaboda, kuna mwenye nyumba ya kuwaficha, kuna anayewapelekea chakula, na kuna wewe mwenye lori. Wakifika Uyole, pale Mbeya, wengine watakata kushoto kuelekea Kasumulu na Malawi, wengine wataendelea Tunduma. Kila mhusika anajua kipande chake tu. Dalali aliyepokea maelfu ya dola, ambayo familia imeyapata kwa kuuza ng'ombe na kukopa, hamuoni tena huyo kijana.

Ndiyo maana ombi halitakuja likiwa kubwa. Mimi lilinijia Chalinze, kwa mama ntilie, kutoka kwa jamaa nadhifu aliyenilipia chakula kabla sijamjua jina. "Ni mpaka Makambako tu, kaka. Kuna gari jingine litapokea." Hakutamka neno watu hata mara moja. Alijua tela langu ni tupu, alitaka tupakie usiku nje ya mji, na alitaka utingo wangu asiambiwe mpaka dakika ya mwisho. Hela aliyotaja ilizidi posho yangu ya safari nzima. Mzigo halali una karatasi, una mwenyewe, na unapakiwa mahali penye taa. Ukiona bei haiendani na umbali, maliza chai yako uondoke.

Namna ya kukataa nayo ina adabu yake, kwa sababu watu hawa utakutana nao tena. Usimtukane, wala usimtishie polisi pale mezani. Mimi nilisema gari lina GPS na tajiri anaona kila ninaposimama. Akanielewa, tukaagana vizuri. Taarifa unaitoa baadaye, ukiwa mbali, kwa namba ya dharura 112 au kituo unachokiamini.

Wapo watakaokwambia kwamba unawasaidia maskini wenzako. Hoja hiyo inagusa, sikatai. Wale vijana si wahalifu, wengi wao wametoka nyumbani kutafuta maisha kama wewe ulivyotoka kwenu. Lakini angalia wanavyosafirishwa. Juni 2012, katika kijiji cha Chitego wilayani Kongwa, ilikutwa miili ya Waethiopia zaidi ya 40 waliokosa hewa ndani ya lori. Dereva aliwatupa porini, wafu na walio hai pamoja, akaondoka. Machi 2020 lori lililotoka Malawi lilisimamishwa Moatize, mkoani Tete, Msumbiji. Ndani ya kontena walikuwa wamekufa 64, wazima 14. Desemba 2022 miili 27 ilikutwa imetupwa kando ya barabara eneo la Ngwerere, karibu na Lusaka, na mmoja alikuwa bado anapumua.

Sidhani kama madereva wale walianza safari wakiwa na nia ya kuua. Kontena limetengenezwa maji ya bahari yasiingie, kwa hiyo likifungwa hewa inayopita ni kidogo mno. Weka humo watu sabini, lipigwe jua kwenye foleni ya mizani, halafu dereva aogope kufungua kwa sababu mbele kuna trafiki. Ni saa chache tu. Na kwa kuwa kila mmoja anashika kipande chake, aliyewafungia si anayewaendesha, na anayewaendesha hakuambiwa wamekula lini mara ya mwisho. Wengine hushushwa kabla ya kizuizi cha polisi wazunguke kwa miguu, mbele wachukuliwe tena. Anayeijua hifadhi ya wanyama ya Mikumi usiku hahitaji nimweleze maana yake.

Kisheria, hapa Tanzania hukumu ya kusafirisha wahamiaji imekuwa ikitajwa kuwa faini ya shilingi milioni 20 au jela miaka 20, na gari linaweza kutaifishwa. Jamaa wa Chalinze hatakuwepo mahakamani. Nyumba yake huijui, na namba yake ya simu itakuwa imezimwa siku ile ile.

Sasa kuna wasioombwa kabisa. Umelala kwenye maegesho, watu wanapanda chini ya turubai kwa kupangwa na mtu wa pale pale. Kwa hiyo kabla ya kuwasha, zunguka gari na tochi, wewe na utingo, hata kama mvua inanyesha. Piga ubao wa tela kwa kiganja. Angalia sili, ile lakiri ya kufungia mlango wa mzigo, kwa namba, usiangalie kama ipo tu, maana sili huweza kubadilishwa. Andika muda uliokagua kwenye daftari la safari. Madereva wengi wanaona daftari ni usumbufu wa ofisini, mimi naona ndilo wakili wako wa kwanza.

Ukisikia kugongwa ndani ya tela, simama na ufungue. Pale pale, si kituo kinachofuata. Usihesabu kwanza utapata kesi gani. Wateremshe kivulini, uwape maji kidogo kidogo. Usimpe ugali mkavu mtu aliyekaa siku kadhaa bila kula, uji mwepesi unatosha kuanzia. Kiswahili wengi hawakijui, ila neno "wuha", yaani maji kwa Kiamhari, wengi watalielewa. Wanakijiji wakijaa, waombe wasiwapige, kwa sababu hofu ya wageni porini ni kubwa na fimbo huja haraka. Kisha piga simu polisi, mpigie na tajiri, umweleze ukiwa bado barabarani.

Watakuhoji. Toa daftari, sema ulipolala, mtaje aliyekuegeshea gari kama unamkumbuka. Ukiitwa baadaye mahakamani kutoa ushahidi, omba ruhusa kazini mapema, na wito wa mahakama uwe wa maandishi, kwani matajiri wengine hukata siku hiyo kwenye mshahara wasipouona.