Barua kwa Mwanangu: Mzigo wa Kwanza na Mzigo wa Pili

Kirumba, Mwanza

Mwanangu,

Marahaba. Huku hatujambo. Mjomba wako bado analalamikia mgongo, mvua zimeanza kututishia, na bei ya dagaa ni ile ile ya kukera. Ujumbe wako niliupata. Sikukupigia kwa sababu kwenye simu ungelia, nami ningeanza kukubembeleza, na swali lingebaki pale pale.

Nilivyokuelewa, unauliza kama ulikosea kuacha kazi ya ofisini huko Dodoma ukaingia biashara ya sato na mwenzako, maana leo friza imeuzwa, deni lipo, na rafiki uliyesoma naye hamsemeshani. Halafu mwishoni, kwa kunyata, ukanichomekea la pili: kama mimi mwenyewe sijutii kubaki na dagaa hapa Mwanza wakati mwenzangu alikwenda Geita akatajirika, na kama kweli nina furaha au nimezoea tu.

Naanza na hilo la pili, maana lilinichekesha.

Mwaka 1999 ulikuwa bado unanyonya. Nilikuwa nakata minofu ya sangara kwenye kiwanda kimoja hapa ufukweni, mabuti mpaka magotini, vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Ndipo nchi za Ulaya ziliposimamisha kununua samaki wa Ziwa Victoria, kwa hofu kwamba kuna watu wanavua kwa sumu. Minofu yetu ilikuwa inakwenda huko huko. Wasipoinunua wao, sisi hatuna cha kukata, tukaambiwa turudi nyumbani tusubiri kuitwa. Mwenzangu niliyekuwa nasimama naye meza moja akasema hasubiri, anakwenda Geita, mgodi mkubwa unakuja, wanaume watajaa na wote watataka kula. Akanisihi twende wote tukapike. Nikamwambia naomba siku chache. Nikaenda Magu kwa bibi yako, miguu yake ilikuwa imevimba hata kisimani hafiki, nikakaa naye, tukazungumza. Niliporudi nilikuwa nimeshaamua. Mwenzangu akaenda, mimi nikashuka soko la samaki la Mwaloni na ndoo moja.

Leo ana vyumba vya kupangisha, kama ulivyonikumbusha, na sikuona ubaya kukumbushwa. Wala sitakudanganya kwamba mwenye nyumba za kupangisha analia usiku. Halii. Analala vizuri, ananenepa, na tangu daraja la Kigongo hadi Busisi lilipofunguliwa Juni 2025 hana tena kisingizio cha kivuko, anakatiza hapo juu ya maji kwa gari, anakuja kula kwangu. Ni mtu mwenye raha, na namfurahia.

Lakini wewe unamtazama huyo mmoja tu. Meza yetu ile haikuondokwa na mtu mmoja kwenda Geita. Kuna aliyerudi na malaria na deni la sufuria. Kuna ambaye mpaka leo hatujui aliishia wapi. Mbona hao hujaniandikia kuniuliza kama walikosea kwenda? Halafu kuna mtu mwingine umemtunga mwenyewe, mama yako wa Geita. Umempa nyumba, umempa gari, na hajawahi kuugua hata siku moja. Na wewe mwenyewe unaye pacha wa namna hiyo, yule aliyebaki ofisini Dodoma, anapandishwa cheo kila mwaka na bosi anampenda. Mimi ninayekujua nakumbuka ulivyokuwa unanipigia Jumapili jioni ukisema tumbo linakukata kwa kufikiria Jumatatu. Huyo pacha hana tumbo?

Nimekaa nikifikiria tutapimaje, basi, kama mtu aliamua vizuri. Kupima kwa matokeo nimeshindwa, na aliyenishindisha ni sangara.

Wewe ulisoma, unazijua habari hizi kuliko mimi. Sangara hakuwa samaki wa humu. Alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, watu wakitaka samaki mkubwa wa kuvua na kuuza, na miaka ya 1980 akawa ametapakaa kila mahali. Akawala furu. Bibi yako alikulia kwenye furu, vile visamaki vya miiba mingi ambavyo watoto walikuwa wanavua kwa ndoano ya pini, na aina zake zilikuwa mamia. Nyingi hazijaonekana tena. Ungemuuliza bibi yako, angekuambia ziwa limeharibiwa. Ungeniuliza mimi nikiwa na mshahara wa minofu mkononi, ningesema wabarikiwe waliomleta. Furu walipopungua, dagaa wakaongezeka, na dagaa ndio waliokulipia ada mpaka ukavaa joho. Sasa hesabu hiyo nani ataifunga? Kila ukifikiri umepata jibu, linatokea jambo jingine linageuza. Wasomi wamebishana juu ya sangara tangu sijaolewa na sidhani kama watamaliza kabla sijazikwa.

Ila bibi yako alikuwa na neno lake, na hilo halikuwahi kugeuka hata sangara alipoanza kutuletea fedha. Alikuwa anasema: sisi tuliokuwa tunakula furu, hakuna aliyekuja kutuuliza.

Hapo ndipo ninapoweza kukujibu. Sijui kama ulipaswa kuacha kazi. Hakuna anayejua. Ninachoweza kukuuliza ni nani angebeba mzigo mambo yakienda vibaya, na kama alikuwa anajua.

Ulipoacha kazi, nani angebeba? Wewe. Ulikuwa umeweka akiba, ulikuja mpaka hapa tukakaa siku nzima tukihesabu bei ya boksi, nauli ya basi, umeme wa friza. Mwenzako naye aliweka fedha yake huku macho yake yamefumbuka. Mzigo wa kwanza nilikufungashia mimi, barafu nilizipanga kwa mikono yangu, basi likafa Nzega, jua likawaka, ukapokea boksi zinazonuka. Ile ilikuwa hasara. Mtu akikuambia ulikosea, muulize yeye angejuaje kwamba basi litakufa Nzega. Mimi dagaa wangu wananyeshewa juu ya vichanja kila masika. Asubuhi mbingu ni safi nanunua, saa nane linashuka wingu kutoka upande wa ziwa, jioni nauza kwa watu wa chakula cha kuku. Nalia kidogo, nakunja turubai, basi.

Mzigo wa pili ni habari nyingine, na hapo usitake nikubembeleze.

Kwa mzigo wa pili, wewe ulikuja Mwaloni ukachukua mali kauli, yaani kwa mkopo, kwa jina langu, na mwenzako hukumwambia. Ulitaka uuze haraka, uzibe pengo la kwanza, umwonyeshe fedha kabla hajajua. Nakuelewa. Wafanyabiashara wote tumewahi kuwaza hivyo usiku. Lakini ukaushusha kwenye friza ile ile ya watu wawili, umeme ukakatika, ukauza kwa bei ya kutupa, na yeye akajua kuna deni siku mdai alipompigia. Tangu hapo amekupigia na hupokei. Unaniandikia kurasa nzima juu ya kuacha kazi, juu ya bahati, juu ya nyota yako, hata juu ya Geita ya mwaka 1999, na juu ya hiyo simu umeandika mstari mmoja tu. Mimi mama yako nimeuona.

Majuto ya kazi uliyoacha hayana pa kuyapeleka, ndiyo maana yanazunguka kichwani usiku kucha. Hili la mwenzako lina mlango wa kubisha, na unaujua, ni mitaa miwili kutoka kwako. Kapige hodi. Usiende na maelezo ya umeme wala ya basi. Mwambie: nilichukua mzigo bila kukwambia, na niliogopa. Kisha nyamaza. Anaweza kukusamehe, anaweza kukufukuza, hilo ni lake. Na usiende ukiwa na ratiba ya urafiki kurudi kama zamani, utamchosha.

Kuhusu mdai, nimeongea naye. Ni mtu mwelewa, atapokea kidogo kidogo kila mwezi. Sitalipa mimi. Najua ulitegemea nitalipa, na fedha ninayo. Lakini nikilipa utakuwa umetumia jina langu mara mbili.

Sasa furaha. Umeuliza kama ninayo au nimezoea. Nimezoea, ndiyo, na sioni kwa nini unalisema kama ugonjwa.

Kwanza nikuambie kitu ambacho wahubiri wa kwenye simu hawasemi: furaha inataka kodi ya nyumba iwe imelipwa. Miaka ile ya mwanzo ya dagaa sikuwa na furaha yoyote, nilikuwa na woga. Kwa hiyo ukinisikia nacheka leo usidhani nilizaliwa na moyo mkunjufu. Nilifika mahali nikawa na kodi ya miezi mitatu mbele, na kicheko kikaanza kurudi taratibu.

Baada ya hapo, naipata kwenye kazi yenyewe. Nikiingiza mkono kwenye gunia najua kama dagaa hawa walianikwa mchangani au kwenye kichanja, najua kama walipigwa na mvua kisha wakakaushwa tena kwa ujanja. Wateja wa Kongo wananiita nije nishike kabla hawajatoa fedha, na kijana wa kuuza akiniona nakuja anaanza kupunguza bei kabla sijafungua mdomo. Hiyo raha, mwanangu, siibadilishi. Ni raha ya kujua jambo mpaka mwisho wake, na haikuja kwa kuchagua kazi niipendayo, maana dagaa sikuwapenda. Nilichukia harufu yake mwaka mzima.

Halafu kuna mbalamwezi. Unakumbuka ulivyokuwa mdogo ulikuwa unashangilia mwezi mkubwa kwa sababu mama yuko nyumbani? Dagaa wanavuliwa gizani, wanaifuata taa. Mwezi ukiwaka, taa haina kazi, mitumbwi inakaa nchi kavu, na sisi wanunuzi tunakaa nayo. Siku hizo zamani nilizihesabu kama siku za njaa. Sasa ndizo siku zangu. Nasuka nywele, naenda mazoezi ya kwaya ambako sauti ya pili wanaikosea kila mwezi, nalala mchana bila aibu. Naenda kumsalimia mzee wa karabai pale chini, yule ambaye siku hizi wavuvi wamehamia taa za sola na yeye bado anazifuta karabai zake kama zitaitwa kesho. Tunagombana kuhusu siasa. Anakosea karibu kila kitu, na nisipomwona wiki mbili nakuwa sijisikii vizuri.

Ni hivyo tu. Ukitaka nikupe siri kubwa zaidi sina. Wewe una miaka ishirini na kitu, umepoteza fedha ambayo inalipika, una afya, na sasa unaijua bei ya sato kuliko watu wengi wa ofisi yako ya zamani. Ukitaka kurudi kazini rudi, hakuna atakayekucheka isipokuwa mjomba wako, na yeye anacheka kila mtu. Ukitaka kujaribu tena samaki, safari hii anza na dagaa wakavu. Hawahitaji friza.

Nimekutumia kifurushi kwa basi, kinatoka stendi ya Nyegezi Ijumaa. Kapokee stendi ya Nanenane Jumamosi mapema kabla hawajakirusha-rusha. Ndani kuna mifuko miwili. Mmoja wako: dagaa, na viazi vitamu vya kukausha, michembe na matobolwa kidogo, shangazi yako ndiye aliyeyaandaa, kwa hiyo mpigie umshukuru. Mfuko wa pili nimeufunga kwa kamba nyekundu na ni wa mwenzako. Nimeshamwambia kwamba unakuja nao Jumamosi hiyo hiyo kabla ya saa sita. Alisema atakuwepo.

Mama yako