Kabla hujamwajiri mnadhimu wa ofisi yako, andika mipaka yake

Ndugu wa Muheza, usiutie saini huo waraka wa majukumu ya mnadhimu. Umeeleza kwamba biashara yako ya kukusanya na kusafirisha machungwa imekua, kwamba simu hazikupi usingizi, na kwamba unakusudia kumleta mpwa wako awe mnadhimu wa ofisi ya mkurugenzi, yaani msaidizi wako wa karibu wa kuratibu kazi za ofisi na wanaotaka kukufikia. Ukauliza alipwe kiasi gani, kama shahada ni lazima, na atatofautianaje na meneja mkuu. Ya mshahara na shahada yanaweza kusubiri. Kilichonishtua ni ile sentensi ya rasimu yako isemayo kwamba “masuala yote ya wakuu wa vitengo yatapitia kwake”, kwa sababu niliwahi kuitia saini sentensi kama hiyo hapa Tanga mjini, na ikanipotezea mteja mkubwa kuliko wote niliokuwa nao.

Aliyenipa maneno hayo alikuwa mshauri wa menejimenti kutoka Dar es Salaam, mtu wa viatu vinavyong'aa na slaidi zisizokwisha, ambaye hakuwahi kukanyaga bandarini wala kuuliza kontena hutolewaje, lakini alikuwa na hakika kwamba mkurugenzi wa kweli hagongewi mlango ovyo. Mimi naendesha uwakala wa forodha. Nyaraka zikikosewa kontena hukaa, na siku za msamaha, zile ambazo kontena hukaa bandarini bila kulipiwa, zikiisha, gharama za hifadhi hupanda kila kukicha, iwe Ijumaa au sikukuu. Katika kazi ya namna hiyo niliambiwa nijifungie, nami nikajifungia kwa furaha kabisa. Ofisi ilitulia hata ikawa kiyoyozi ndicho pekee kinachozungumza nami.

Kijana niliyemwajiri hakuwa mjinga wala mwizi. Alikuwa msomi, hodari wa kuandika muhtasari, na aliutii waraka kama ulivyoandikwa. Ikaja shehena ya vipuri vya korona, ile mashine ya kusindika majani ya mkonge yawe nyuzi, ya shamba la mkonge, na mkuu wa kitengo cha forodha akagundua kwamba uzito ulioandikwa kwenye nyaraka za mteja haulingani. Zamani angeingia kwangu bila kubisha, tungempigia mteja simu, na shauri lingekwisha kabla ya chai ya saa nne. Safari hii alimwandikia mnadhimu, mnadhimu akaliweka katika muhtasari wa wiki chini ya kichwa “Mambo yanayoendelea”, nami nikasoma nikaridhika kwamba mambo yanaendelea. Mkuu wa forodha aliamini kuwa nimejua nikanyamaza, mnadhimu aliamini kuwa uamuzi si wake, na mteja aliamini kuwa tumelala. Korona ilisimama, mkonge uliokwisha kukatwa ukakauka, na meneja wa shamba alipokuja mwenyewe aliambiwa aandike jina kwenye daftari asubiri miadi. Hakusubiri. Gharama za kontena nililipa mimi, mteja akahamia kwa mshindani wangu, na muda si mrefu mkuu wangu wa forodha akamfuata huko huko. Nilipompigia mshauri, alisema hayo ni maumivu ya kawaida ya mageuzi. Ankara yake haikupata maumivu yoyote, ilifika kwa wakati.

Sisemi kwamba kazi hii haina thamani. Gerald Ford alipoingia Ikulu ya Marekani mwaka 1974 alijaribu kuwapokea wasaidizi wake bila mtu mmoja mwenye nguvu ya kuwaratibu, na Jimmy Carter akaanza vivyo hivyo mwaka 1977. Ford akaishia kumkabidhi Donald Rumsfeld uratibu huo, na Carter akamteua Hamilton Jordan mwaka 1979. Lakini Donald Regan, aliyekuwa mnadhimu wa namna hiyo chini ya Rais Ronald Reagan tangu mwaka 1985, alilalamikiwa kwa kumbana Rais asifikiwe, na aliondoka Februari 1987, baada ya tume iliyochunguza kashfa ya silaha zilizouzwa Iran kumlaumu kwa vurugu zilizoikumba Ikulu. Yeye alikuwa na Ikulu nzima. Wewe una ghala na malori.

Kwa hiyo andika kwanza yale ambayo mnadhimu ataamua mwenyewe, yale atakayokuletea siku hiyo hiyo, na haki ya kila mkuu wa kitengo kukufikia moja kwa moja pale fedha inapopotea au mteja anapoondoka. Kisha wasomee wote kwa pamoja, naye akiwapo. Dada niliye naye sasa huandaa kikao cha Jumatatu, hushika daftari la maamuzi, hufuatilia nani ameahidi nini, na huniambia waziwazi ninapokuwa nimeahidi gari moja kwa watu wawili. Meneja mkuu ana bajeti na watu wa kuwaamuru. Dada huyu hana, na akianza kuwaamuru wakuu wa vitengo kwa jina langu, wana namba yangu ya simu.

Machungwa hayana hata hizo siku za msamaha. Lori likiharibika Segera usiku, msimamizi wa ghala amwamshe nani, wewe au mpwa wako? Na huyo mpwa, je, anaweza kukuambia umekosea mbele ya msimamizi huyo bila kuhofia atakavyotazamwa kwenye pilau ya Idi nyumbani kwenu?