Mwanafunzi mwenye ualbino apangiwe wazazi wodini?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mkufunzi katika chuo cha uuguzi na ukunga, Kanda ya Ziwa. Tumeanza kufundisha ushauri nasaha wa vinasaba, na darasani nina binti mwenye ualbino. Wenzangu wanasema wakati wa mazoezi tusimpangie wazazi waliojifungua mtoto mwenye ualbino, maana atawaongezea uchungu. Kwa upande wa ujumuishi, vijitabu vyote tumeshavitafsiri kwa Kiswahili. Unatushaurije?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Mpangie, kama unavyompangia mwanafunzi mwingine yeyote. Wenye hofu hapo ni wenzako. Mama aliyejifungua jana, ambaye mawifi wamechungulia mlangoni wakaondoka, akihudumiwa na binti mwenye sare na ngozi kama ya mwanawe, ameshajibiwa swali alilokuwa anaogopa kuliuliza. Ila msimgeuze kielelezo cha kusimamishwa mbele ya darasa kila kipindi. Kilichomleta chuoni ni masomo. Mpeni maandishi makubwa, kiti cha mbele, na zamu za vijijini kabla jua halijawa kali.

Sasa hiyo tafsiri. Kila mara naletewa vijitabu vya namna hiyo, na ndani nakuta sura za watoto wa Ulaya na maelezo kwamba jeni (kinasaba) ya kuanza kupimwa ni ile iitwayo TYR. Kwa Ulaya ni sawa. Kwetu ualbino mwingi unatokana na jeni ya OCA2, na mara nyingi hitilafu ni ileile: kipande cha herufi za vinasaba zipatazo 2,700 kimekatika na kupotea. Kipimo kinachosoma herufi tu, bila kutafuta vipande vilivyokatika, kinaweza kukipita, na wazazi wakaambiwa hakuna kilichoonekana. Mwanafunzi asiyefundishwa hili atawapa watu wake majibu ya watu wengine, kwa Kiswahili fasaha.

Linaloniumiza zaidi liko kwenye fomu ya historia ya familia. Nimewaona wahitimu, watu wenye vyeti, wakimuuliza mama peke yake: "Kwenu kuna zeruzeru?" Neno lenyewe ni tusi. Baba yuko nje kwenye benchi, hakuna anayemwita. Mama anatoka hapo na hukumu mkononi, na wengine ndoa zao huishia hapohapo. Mtoto hazaliwi na ualbino huu mpaka apokee jeni yenye hitilafu kwa baba na kwa mama. Tanzania inakadiriwa mtoto 1 kati ya 1,400 huzaliwa na ualbino. Ukipiga hesabu, karibu mtu 1 kati ya 20 anaibeba jeni hiyo bila dalili yoyote. Darasa lako la wanafunzi 40 huenda lina wawili. Fundisha hivyo, mchoro wa ukoo uanze na pande zote mbili, na baba aitwe ndani. Na wafundishe kuieleza vizuri robo, yaani uwezekano wa wazazi wawili wanaoibeba jeni hiyo kupata mtoto mwenye ualbino: ni robo kwa kila mimba, upya. Aliyezaa mmoja mwenye ualbino hajamaliza zamu, wala watatu wanaofuata hawajapata kinga.

Pengo hili likibaki wazi, wanaolijaza ni wafanyabiashara. Wapo wanaouza dawa ya "kusafisha damu" kabla ya kushika mimba. Jeni haisafishwi kwa kikombe cha mizizi, na anayeiuza anakula fedha ambayo ingenunua kofia pana na mafuta ya kukinga jua. Wapo pia wanaotoa cheti cha ushauri nasaha wa vinasaba kwa semina ya siku mbili, bila mwanafunzi kukaa na familia hata moja. Na sasa vimeingia vipimo vya mate vinavyopelekwa nje. Kabla familia haijalipa, iulize kama maabara hiyo inatafuta kile kipande cha OCA2 kilichokatika, na nani atakaa nayo kuisomea majibu. Muuzaji akibabaika kwenye lolote kati ya hayo mawili, fedha ibaki mfukoni.