Asili na maana ya kitenzi cha Kiholanzi «gunnen»

Ndugu, umeuliza kwa nini kamusi yako inafasiri «gunnen» kuwa ni kutoa, ilhali mwenzako wa kazini, ulipopandishwa cheo, alikuambia «ik gun het je» na hakukupa hata senti. Alichokuambia ni kwamba ameiridhia neema yako kwa moyo mweupe, wala hakuonei kijicho.

Neno hili limetokana na kitenzi cha kale «unnan», kilichokuwamo hata katika Kiingereza cha kale kwa maana ya kuridhia au kukirimu, kikaongezewa kiambishi «ge-» ambacho irabu yake ilidondoka ikabaki «g» peke yake. Ndiyo maana Kijerumani kina «gönnen», huku Kiswidi, kisicho na kiambishi hicho, kikisema «unna». Humo ndimo lilimotoka «gunst», yaani fadhila, na kinyume chake «afgunst», ambayo ni husuda hasa.

Maana ya kutoa ipo kweli, lakini zaidi katika zabuni, mzabuni anapopewa kazi. Mtaani utasikia zaidi «dat gun ik mijn ergste vijand niet»: hilo simwombei hata adui yangu mkubwa.