Kuku wameacha kutaga: mshike kila mmoja kabla hujaamua

SWALI: Daktari, nina mitetea sita nyuma ya nyumba. Nilikuwa naokota mayai manne au matano kwa siku, sasa wiki ya tatu sijapata hata moja. Wanakula na wamechangamka, ila mmoja tangu jana anajikunyata. Nawapa pumba na makombo. Nashauriwa niwachinje. Nifanyeje?

JIBU: Pole, lakini kisu kisubiri. Anza na huyo anayejikunyata: mtenge leo hii. Akiwa anajikamua na kusimama wima huku tumbo limekaza, huenda yai limemkwama. Mkalishe kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika 15 hadi 20, kisha mweke mahali penye joto na giza. Asipolitoa siku hiyohiyo, mwite mtaalamu wa mifugo. Lakini ukiona kinyesi cha kijani, shingo iliyopinda au vifo vya ghafla, hofia mdondo, yaani kideri (Newcastle), ugonjwa wa kuku unaoambukiza haraka. Usiuze wala kumpa mtu kuku hata mmoja, na mwite mtaalamu mara moja.

Waliobaki, wafungie bandani hadi alasiri kwa siku tatu. Kuku wanaozurura hutaga vichakani, na wengi nimewakuta wakisingiziwa ugonjwa.

Jioni wakitulia, wapakate mmoja mmoja. Tafuta mifupa miwili ya nyonga iliyo kando ya tundu la kutagia. Kwa anayetaga, vidole viwili au vitatu hupita katikati, tundu ni pana na lina unyevu, upanga wake wa kichwani ni mwekundu. Kwa aliyeacha, kidole kimoja hupita kwa shida na tundu ni dogo, kavu, limejikunja. Pitisha kiganja kidarini: mfupa ukichomoza kama makali ya kisu, amekonda, na minyoo ni ya kushukiwa mapema. Funua manyoya kuzunguka tundu utafute chawa. Utitiri mwekundu hutauona mchana, maana hujificha kwenye nyufa na kunyonya damu usiku. Rudi na tochi, pangusa chini ya fito wanazolalia kwa karatasi nyeupe. Ikitoka na michirizi ya damu, tibu banda pamoja na kuku.

Ukiwakuta wazima, mimi nashuku chakula. Pumba na makombo hayatoshi kutengeneza yai. Wape chakula cha kuku wa mayai chenye protini asilimia 16 hadi 18, na chokaa ya mifugo au magamba yaliyosagwa kwenye chombo cha peke yake, kwani ganda moja hubeba takriban gramu 2 za kalsiamu. Maji yasikauke kamwe. Robo tatu ya yai ni maji.

Manyoya yakiwa yametapakaa bandani, wanabadili manyoya. Hilo huchukua kama wiki 8 hadi 12 na halina dawa, ila lishe nzuri. Mwanga nao uwe saa 14 hadi 16 kwa siku. Na tafadhali usitie antibiotiki majini kwa kubahatisha: haileti mayai, na mabaki yake utayala wewe na wanao.